Grinda Ikikujeruhi: Udai WCF, Umfungulie Kesi Muuzaji, au Ukifuate Kiwanda? Ulinganisho kwa Mafundi wa Arusha na Moshi

Diski ya grinda ya inchi nne na nusu imeandikwa kasi yake ya mwisho: mizunguko 13,300 kwa dakika. Kwa kasi hiyo ukingo wake unakimbia mita 80 kwa sekunde. Ikipasuka, fundi hana muda wa kukwepa. Wachomelea mageti wa Unga Limited wanalijua hilo, maseremala wa Moshi mjini wanalijua, na ukikaa nao jioni utasikia habari za fulani aliyepoteza jicho au vidole viwili.

Baada ya ajali ushauri huja kwa fujo. Bosi anasema pole, tutamalizana. Duka linasema ilete mashine tukubadilishie. Shemeji aliyeko Marekani anapiga simu kusema huko kampuni za mashine zinalipa mabilioni, kifungulie kesi kiwanda. Kila mmoja anaweza kuwa na nia njema, lakini njia hizo hazilingani hata kidogo kwa gharama, kwa ushahidi unaotakiwa, wala kwa uwezekano wa kuona hela mkononi. Msimamo wangu nausema mapema: aliyeajiriwa aanze na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Aliyenunua mashine yake mwenyewe amfuate muuzaji na aliyeiingiza nchini. Kiwanda cha ng'ambo kiwe cha mwisho.

Mashine kwanza, njia baadaye

Njia yoyote utakayochagua itategemea kitu kimoja ambacho watu wanakipoteza siku ileile: mashine iliyojeruhi. Usiitengeneze, usiiuze kama skrepa, na usiirudishe dukani. Muuzaji akiipokea na kukupa mpya, umempa ushahidi wako wote kwa bei ya grinda moja.

Piga picha kibati cha ubavuni, kile chenye modeli, namba ya mashine, volti na nchi ilikotengenezwa. Kisha okota vipande vya diski, vyote, uviweke kwenye bahasha. Tafuta hasa kile kipete cha chuma cha katikati ambamo mhimili hupita. Kwenye diski nyingi za kukatia kimegongwa mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumika, kwa kawaida miaka 3 tangu ilipotengenezwa, kwa sababu gundi inayoshika chembe huchoka kwa muda na kwa unyevu. Kipete hicho kidogo kinaweza kuamua kesi. Kama diski ilikuwa imeshapita muda wake siku duka lilipokuuzia, tatizo ni la muuzaji. Kama ulinunua ikiwa nzima ukaiacha miaka kwenye banda linalovuja, tatizo limehamia kwako.

Ushahidi wa pili ni kava. Kila wakili wa upande wa pili atauliza: kava lilikuwa limefungwa? Diski ilikuwa saizi yake? Diski ya inchi tisa inaruhusiwa mizunguko 6,650 kwa dakika, nusu ya ile ndogo. Fundi aliyetoa kava ili aifunge kwenye grinda ndogo ameizungusha kupita sana uwezo wake, na hakuna kiwanda kitakachobeba lawama hiyo. Kama kava lilikuwepo, piga picha likiwa palepale na mikwaruzo yake, kabla mtu hajaligusa.

Ongeza risiti ya EFD, fomu ya PF3 kutoka polisi, na kila karatasi ya hospitali, iwe ni Mount Meru, Mawenzi au KCMC. Andika majina ya waliokuwepo. Ukishafanya hivyo una nafasi ya kufikiri.

WCF na kesi ya mahakamani

Hapa ndipo tofauti ni kubwa kuliko kwingine kote, na ndipo watu wengi wanapoteza haki yao kwa kutojua.

Mfuko huu uliundwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na ulianza kazi Julai 2015. Mwajiri ndiye anayechangia, si wewe. Kwa sekta binafsi ilianza ikiwa asilimia 1 ya mishahara, ikashushwa hadi 0.6 na sasa ni 0.5. Uzuri wake ni kwamba huna haja ya kuthibitisha kosa la mtu yeyote. Hauulizwi kama grinda ilikuwa feki au kama bosi alikunyima miwani. Swali ni moja: uliumia ukiwa kazini, kwa sababu ya kazi? Jibu likiwa ndiyo, mfuko unalipia matibabu. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda, unalipwa asilimia 70 ya kipato chako kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Anayepata 400,000 kwa mwezi atapokea 280,000 akiwa nyumbani anauguza mkono. Ulemavu ukibaki wa kudumu unapimwa kwa asilimia: usipozidi 30 unalipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo unalipwa pensheni ya kila mwezi. Fundi akifariki, wategemezi wake wanalipwa.

Mahakama haifanyi kazi hivyo. Huko unabeba mzigo wa kuthibitisha kila kitu: kwamba mashine ilikuwa na kasoro, kwamba kasoro ndiyo iliyokuumiza, na kwamba unayemdai ndiye anayewajibika. Ukishinda, unaweza kupata kitu ambacho WCF haitoi, yaani fidia ya maumivu, ya sura iliyoharibika, ya maisha yaliyobadilika. Mahakama zetu zinaiita fidia ya jumla, na jaji au hakimu ndiye anayeipima. Fidia mahususi, ile ya bili na mishahara iliyopotea, lazima itajwe kwenye hati ya madai na ithibitishwe shilingi kwa shilingi. Mahakama ya Rufani ilisisitiza hilo katika shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, lililochapishwa mwaka 1992, na mawakili bado wanalitaja kila siku. Umelipa daladala kwenda kliniki bila karatasi? Hiyo hela usiihesabu sana.

Kwa hiyo kwa mwajiriwa sioni sababu ya kusitasita. WCF hailipi kila kitu, lakini inalipa bila mabishano ya nani mkosaji, na fundi mwenye watoto hawezi kungoja hukumu. Jambo la kuchunga ni muda. Mjulishe mwajiri mara moja, kwa maandishi au hata ujumbe wa simu utakaobaki. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa kwa mfuko ndani ya siku 7, na ukikaa kimya miezi 12 ikapita, haki inaweza kupotea. Kulipwa na mfuko hakukufungii mlango wa kumdai mtu wa tatu aliyeuza au kutengeneza mashine mbovu. Ila hutalipwa mara mbili kwa hasara ileile, kwa kuwa kilicholipwa na mfuko kinahesabiwa.

"Lakini mimi ni kibarua tu, sina mkataba." Sentensi hii inaniuma kila ninapoisikia, maana mabosi wengi wanaitegemea. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inaweka dhana kwamba wewe ni mwajiriwa hata kama kipo kimoja tu kati ya vigezo kadhaa. Kimojawapo ni kufanya kazi kwa mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Kingine ni kupewa vifaa vya kazi na mtu huyo. Yule kijana anayeshika grinda ya bosi, kwenye karakana ya bosi, kwa saa anazopanga bosi, ana hoja nzito. Na kama bosi hajajisajili WCF, hilo ni kosa lake na si lako; peleka taarifa mfukoni hivyohivyo.

Muuzaji na kiwanda

Tuseme huna bosi. Una kibanda chako Kiborloni au Sakina, umenunua mashine kwa hela yako. WCF haikuhusu. Sasa unachagua kati ya kumdai aliyekuuzia na kumdai aliyeitengeneza, na misingi ya kisheria ni miwili tofauti.

Kwa muuzaji unasimama juu ya mkataba. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kifungu cha 16, inaingiza masharti ndani ya mauzo hata kama hamkuyasema: ukimweleza muuzaji unataka mashine ya kazi gani ukategemea ujuzi wake, lazima iifae kazi hiyo, na bidhaa ya mfanyabiashara wa aina hiyo lazima iwe na ubora unaostahili kuuzwa. Huna haja ya kuonyesha kwamba muuzaji alizembea. Hata kama boksi lilifika limefungwa na hakujua kilichomo, anawajibika. Una miaka 6 ya kufungua kesi ya mkataba. Na yupo hapa, duka lake unalijua, mali zake zinaonekana.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba ni ya mnunuzi peke yake. Kama mashine ilinunuliwa na kaka yako ikakukata wewe, wewe na duka hamna mkataba.

Kwa kiwanda unasimama juu ya uzembe. Msingi wake ulitoka kwa mama mmoja wa Uskochi aliyeuguzwa na soda ya tangawizi katika mkahawa wa Paisley mwaka 1928, ndani ya chupa kukiwa na mabaki ya konokono. Soda ilinunuliwa na rafiki yake, hivyo hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Mwaka 1932 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, likaamua, katika Donoghue dhidi ya Stevenson, kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji wa mwisho. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, lakini zinaifuata kwa kuwa ina ushawishi mkubwa. Kwa hiyo kijana ambaye hakununua grinda ana njia. Muda wake ni miaka 3 tu, na lazima aonyeshe kasoro ilitokana na uzembe wa mtengenezaji.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Nani atasema kasoro ilikuwa ya kiwandani? Utahitaji mhandisi aandike ripoti na asimame kizimbani. Arusha tuna bahati kuliko mikoa mingi: kuna TEMDO, taasisi ya serikali inayosanifu mitambo, kuna Chuo cha Ufundi Arusha, na Shirika la Viwango, TBS, wana ofisi ya kanda. Mtaalamu wa aina hiyo anaweza kueleza kwa nini swichi ilinasa au mhimili ulivunjika. Lakini ana gharama yake, na ni yako kuilipa kabla ya senti yoyote kurudi.

Halafu kiwanda chenyewe ni kipi? Jina lililoandikwa kwenye mashine si lazima liwe la aliyeitengeneza. Grinda yenye jina la Makita au Bosch ikiwa feki, kampuni halali itakuja na mhandisi wake, ionyeshe kwamba namba ile haikutoka kwake, na itoke kesini siku hiyohiyo, tena kwa haki. Na kama ni mashine isiyo na jina kubwa, mara nyingi njia inaishia kwenye miji kama Yongkang, mkoa wa Zhejiang, China, ambako zana za umeme zinatengenezwa na viwanda vingi mno. Wito wa mahakama ya Moshi lazima ufikishwe huko kwa utaratibu wa kimataifa. Ukishinda, hukumu haijitekelezi yenyewe. Unaanza upya mbele ya mahakama ya huko, kwa lugha ya huko.

Ndiyo maana nampendelea aliyeiingiza mashine nchini. Jina lake mara nyingi limebandikwa kwenye boksi, na limo kwenye nyaraka za forodha. Ana ghala, ana gari, ana akaunti ya benki Tanzania. Akiunganishwa na muuzaji kwenye hati moja ya madai, watasukumiana lawama wao kwa wao, na katika kusukumiana huko ukweli hutoka. Kiwanda ukiunganishe pale tu kinapokuwa na ofisi au wakala rasmi nchini.

Kesi ya uzembe haiendi Mahakama ya Mwanzo. Kwa kawaida huanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Usidanganywe kuandika fidia ya jumla ya bilioni moja ili uende Mahakama Kuu. Mahakama ya Rufani ilishasema kwamba kinachoamua uwezo wa mahakama ni dai mahususi, si makadirio ya fidia ya jumla. Mtapitishwa kwanza kwenye usuluhishi chini ya mahakama, na kesi nyingi za namna hii zina nafasi nzuri ya kumalizikia hapo, ikiwa mashine na karatasi vipo mezani.

Zile habari za Marekani

Ni za kweli, na zinastahili kujulikana vizuri. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ya California iliamua kesi dhidi ya Yuba Power Products, watengenezaji wa mashine ya useremala iitwayo Shopsmith. Mwanamume alizawadiwa mashine hiyo na mkewe Krismasi ya 1955. Mwaka 1957 akiwa anachonga gogo, likachomoka likampiga kwenye paji la uso. Skrubu za kushikilia hazikutosha. Yeye hakuwa mnunuzi, mkewe ndiye. Jaji Roger Traynor akaandika kwamba mtengenezaji anayeweka sokoni bidhaa yenye kasoro anawajibika ikimjeruhi mtu, bila kuuliza habari za uzembe. Fidia ilikuwa dola 65,000. Majimbo mengi ya Marekani yalifuata mkondo huo.

Mwaka 2010, mjini Boston, fundi wa sakafu aliyejeruhiwa mkono na msumeno wa meza wa Ryobi alipewa dola milioni 1.5 dhidi ya watengenezaji wake, One World Technologies, na mahakama ya rufani ikaithibitisha 2011. Hoja ilikuwa kwamba ilishakuwepo teknolojia, ile ya SawStop, inayosimamisha msumeno ndani ya milisekunde 5 unapogusa ngozi, na watengenezaji hawakuiweka. Jopo la raia wanaoamua kesi huko lilisema fundi naye alichangia asilimia 35 ya kosa, lakini kwa msingi wa dhamana ya bidhaa fidia haikupunguzwa.

Sasa linganisha na hali yetu. Huko mawakili wengi huchukua kesi bila malipo ya mwanzo, wakalipwa sehemu ya ushindi. Huko kasoro ya usanifu inatosha, na wataalamu wa kuieleza wapo. Hapa kesi ya uzembe inadai uzembe, na kosa lako mwenyewe linapunguza fidia. Na wazo la kwenda kufungua kesi hukohuko kwa ajali ya Ngarenaro lina kikwazo: mwaka 1981, katika Piper Aircraft dhidi ya Reyno, kesi ya ndege iliyotengenezwa Pennsylvania ikaanguka Uskochi, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mlalamikaji wa kigeni hapewi uzito uleule katika kuchagua mahakama, na kesi inaweza kurudishwa kule ajali ilikotokea. Shemeji yako ana nia njema, ila usiuze kiwanja kwa ajili ya ushauri wake.

Tume ya Ushindani na TBS

Njia hii haishindani na zile nyingine, inakwenda pamoja nazo. Sheria ya Ushindani ya 2003 ina sehemu nzima za wajibu wa watengenezaji, usalama wa bidhaa na kuziondoa sokoni zile za hatari. Na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayosimamia pia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 dhidi ya feki. Malalamiko hayakugharimu wakili. Usitegemee yakulipe mkono uliopotea. Faida yake kwako ni kwamba ukaguzi wao unaweza kuthibitisha kuwa mashine ni feki au haina kiwango, na karatasi hiyo ina uzito mbele ya hakimu. Faida yake kwa wengine ni kubwa zaidi: boksi kumi na tano zilizobaki rafuni zinaweza kuondolewa kabla ya kumkata mtu mwingine.

Kumalizana

Sina ugomvi na suluhu. Bosi anayelipa hospitali na kukuweka kazini ni mtu wa kuheshimiwa. Hatari ni ile karatasi ya mstari mmoja inayoletwa wodini: "Nimepokea shilingi laki tano na sitadai tena." Usiisaini ukiwa kitandani, kabla daktari hajasema ulemavu utabaki kiasi gani. Jeraha la mshipa wa kiganja linaweza kuonekana limepona, kisha kidole kikagoma kukunja. Pokea msaada wa matibabu kwa risiti inayosema ni msaada wa matibabu, basi.

Ungekuwa wewe ni nani, ningekuambia nini

Kibarua aliyekatwa na grinda ya bosi: WCF leo, na umuulize wakili kuhusu mwingizaji mashine baada ya hali kutulia. Seremala mwenye mashine yake na risiti: barua ya madai kwa muuzaji na mwingizaji, usuluhishi, kisha kesi ya mkataba. Aliyenunua bila risiti bado anaweza kujaribu, kwa mashahidi na muamala wa simu aliomlipa nao muuzaji, lakini ajue mlima ni mrefu. Aliyenunua grinda ya mtumba mnadani, ambaye muuzaji wake hajulikani tena, sitamdanganya: njia yake pekee yenye matumaini ni kuajiriwa kwake, kama ameajiriwa.

Asiye na hela ya wakili anayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Moshi kuna KWIECO, shirika linalotoa msaada wa kisheria, na kwenye halmashauri kuna wasaidizi wa kisheria. Wasaidizi hawa hawakusimamii mahakamani, ila watakuandikia barua, watakupangia nyaraka na kukuelekeza. Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, kwa hiyo utaielewa kesi yako mwenyewe ikisomwa. Nenda na bahasha yenye vipande, picha za kibati na kava, risiti, PF3 na tarehe ya ajali imeandikwa juu, kwa sababu miezi 12, miaka 3 na miaka 6 vitaanza kuhesabiwa kutoka kwenye tarehe zilizomo humo.